Mulima Iko Ileile, Makuta Ilienda Wapi?

Binti wa dada yangu ana miaka kumi na mitatu. Hajawahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, lakini milima ya saruji ya bustani ya burudani ya Disney, Florida, anaijua kuliko mimi ninavyozijua njia za Ruashi, hapa Lubumbashi. Anaitazama kwenye simu, siku ambazo umeme umekubali. Juzi aliniwekea video mbili za maneji moja, yaani chombo cha kuwabeba watu kwa burudani. Katika ya kwanza, watu waliokaa ndani ya gogo wanapita mapangoni mbele ya sungura, mbweha na dubu wanaoimba, kisha gogo linaporomoka kama mita 16 hadi majini. Katika ya pili, gogo ni lilelile na poromoko ni lilelile, ila sungura hayupo tena. Yupo mamba mnene mwenye tarumbeta, na msichana mweusi aliyevaa mavazi ya safari. Chini ya video kulikuwa na tarehe: maneji ilifungwa Januari 2023, ikafunguliwa Juni 2024.

Akanigeukia mimi, mjomba wake. "Manseba, mulima iko ileile, mayi iko ileile. Sasa makuta ilienda wapi?"

Alitaka kujua kwa nini kubadilisha hadithi tu, mlima ukiwa uleule, kunakula makuta, yaani pesa, nyingi hivyo. Watu wazima wengi wanalijibu vibaya swali hilo. Wanasema Wamarekani wanapenda kutupa pesa, au rangi ya kule ni ghali. Mimi nilianza kulijibu kwa kumpeleka kwa fundi wa magari, komini ya Kenya. (Kwa msomaji wa mbali: Kenya hii ni ya hapa Lubumbashi, haina uhusiano na Nairobi.)

Hiace nyingi za mitumba zinazotufikia kupitia Tanzania na Zambia zina volani kulia, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Basi wapo mafundi ambao riziki yao ni kuhamisha volani. Asiyejua anadhani unafungua bolti nne huku, unazifunga kule. Fundi wetu alikuwa na gari moja limefunguliwa, akatuita tuchungulie. Dashibodi ilikuwa imekatwa vipande. Ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva ulikuwa umetobolewa upya ili mhimili wa volani upite. Pedali zilikuwa zimehama, silinda ya breki ikazifuata, mabomba ya mafuta ya breki yakabidi yarefushwe, na nyaya zilizopimwa kwa upande wa kulia zikawa fupi zote. Wipa nazo zilikuwa zinafuta vizuri mbele ya abiria, dereva akiachiwa kona ya matope.

Nikauliza habari ya mlango wa abiria. Akacheka. Mlango ule wa kuburuta umebaki kushoto, kwa hiyo abiria wanashukia upande wa barabara, malori yakiwapita mgongoni. Kuuhamisha ni kukata bodi nzima, na hakuna mwenye gari anayetaka kulipia hilo. "Volani unaweza kuigeuza, papa," alisema, "lakini motoka inakumbuka kwenye ilizaliwa."

Tukarudi nyumbani, nikamwambia mtoto afungue tena video zake.

Mlima ule uliitwa Splash Mountain. Wa kwanza ulifunguliwa Disneyland ya California mwezi Julai 1989, na miwili mingine, wa Florida na wa Tokyo, ikafuata 1992. Gharama iliyotajwa kwa ule wa California ilikuwa dola milioni 75. Ukizipandisha dola hizo kwa kasi ya kupanda kwa bei za Marekani hadi 2024, unapata karibu milioni 190. Tarakimu hiyo ishikwe, tutaihitaji.

Hadithi ya mlimani ilitoka katika filamu ya Disney ya 1946, ambayo kampuni yenyewe haijawahi kuiuza nchini Marekani kwa kanda wala kwa diski, na haimo kwenye huduma yake ya Disney+. Sababu ni kwamba inaonyesha mashamba ya Kusini mwa Marekani, baada ya utumwa, kana kwamba watu weusi walikuwa wakistarehe pale. Ndani yake mna visa vya sungura mjanja anayewachezea mbweha na dubu. Visa hivyo vilikusanywa karne ya 19 na mwandishi mzungu wa Georgia, Joel Chandler Harris, kutoka vinywani mwa watu waliopitia utumwa. Msomaji wa Katanga hahitaji kutambulishwa kwa sungura huyo: ni ndugu yake Kalulu. Mimi Kalulu aliyenaswa kwenye mwanasesere wa ulimbo nilisimuliwa na nkambo yangu, na nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kisa hicho kilivuka bahari na waliouzwa. Huko Marekani mwanasesere wa lami akaja kugeuka tusi, kwa hiyo hata mwaka 1989 wabunifu wa mlima waliogopa kumtumia. Wakaweka asali mahali pa lami. Mlima ulizaliwa ukiwa tayari umebadilishwa hadithi kidogo.

Na haukuzaliwa na sungura tu. Sanamu nyingi zilizoimba mapangoni zilikuwa mitumba. Zilitoka katika onyesho jingine la Disneyland, America Sings, lililofunguliwa 1974 na kufungwa 1988. Tony Baxter, mbunifu wa maneji ile, alikuwa anatafuta pa kuwapeleka wanyama hao wote wa mashine badala ya kuwatupa, na mlima ukawapa makao. Hata jengo walimotoka lilikuwa limeachwa na onyesho la kabla yao. Mabata bukini wawili wa America Sings, hata kabla onyesho halijafungwa, walivuliwa manyoya na ngozi, mifupa yao ya chuma ikawa maroboti wa Star Tours, maneji ya 1987. Mtu wa Lubumbashi anayeliona teril letu kila siku, lile lima jeusi la mabaki ya tanuru ambalo baada ya miaka mingi lilikuja kuchimbwa upya kwa sababu ya kobalti, hatashangaa. Wenye mabaki wanajua thamani yake.

Sasa tuingie mapangoni, maana ndiko makuta yaliko.

Gogo lile halina injini. Mikanda hulipandisha kwenye miinuko, lakini sehemu kubwa ya safari maji ndiyo yanayolibeba, na kasi yake inategemea mwinamo wa mfereji na nguvu ya pampu. Maana yake muda wa hadithi umemwagwa ndani ya zege. Mtengeneza filamu akitaka binti aseme sentensi mbili zaidi, anarefusha kipande. Mbunifu wa maneji ya zamani anapewa sekunde kadhaa kwenye kona fulani kwa sababu miaka thelathini nyuma mtu aliona zinatosha kwa mbweha kucheka. Hizo ndizo sekunde zake. Kila sentensi ya hadithi mpya, kila wimbo, kila mkono unaopunga, vinapimwa kwa mwendo wa maji ambayo hayakuijua hadithi hiyo.

Kwa nini basi wasibadilishe mwendo wa maji? Hapo ndipo unapogusa mfumo wa usalama. Mfereji wote umegawanywa vipande, na sheria ni moja: kipande kimoja, gogo moja. Vihisio vinaiambia kompyuta gogo liko wapi, na lililo nyuma halipewi ruhusa mpaka la mbele litoke. Ukichelewesha gogo sekunde chache pangoni ili abiria wamwone mamba vizuri, foleni ya magogo inarudi nyuma hadi kituoni, na idadi ya watu wanaopita kwa saa inashuka. Bustani kubwa hupigania idadi hiyo kama mwenye minibasi anavyopigania kiti cha mwisho. Na ukishagusa kompyuta ya usalama hata kwa jambo dogo, lazima uthibitishe upya kila kitu: kila kitufe cha kusimamisha, kila geti, kila njia ya kuwatoa watu gizani maji yakisimama. Magogo huzungushwa siku na usiku yakiwa na vidumu vya maji au sanamu nzito mahali pa abiria. Wafanyakazi wanafanya mazoezi ya kuokoa watu ambao hawapo. Kazi hiyo haionekani kwenye video yoyote, na inalipwa kwa saa, kwa watu wenye vyeti.

Halafu kuna unyevu. Jengo lililomwaga maji ndani kwa miaka thelathini lina siri. Nyuma ya mwamba wa bandia kuna nondo zilizolika, nyuma ya mti wa bandia kuna waya ambao hakuna mchoro unaoutaja, kwa sababu fundi fulani wa usiku aliuunga ili maneji ifunguliwe asubuhi. Siku hizi, kabla ya kubuni chochote, majengo ya namna hii hupimwa kwa miale ya leza, pembe kwa pembe, kwa sababu michoro ya zamani na ukuta wenyewe havisemi lugha moja. Hata hivyo kuna mambo yanayojulikana tu ukuta ukishabomolewa. Mkandarasi mwenye akili anatenga fungu la mshangao mapema. Fundi wetu wa volani naye analo, ila lake analiita "ya kutu," na anakudai nusu kabla ya kuanza.

Sheria nazo zimekua wakati maneji ikizeeka. Marekani ilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 1990. Splash Mountain ya California ilifunguliwa 1989. Jengo la zamani ukiliacha linavyokaa, kuna mengi linavumiliwa. Ukianza kulikarabati kwa kiasi kikubwa, zile sehemu unazozigusa zinatakiwa zifuate kanuni za leo, kuanzia upana wa njia hadi mahali pa kuingilia mwenye kiti cha magurudumu. Moto ni hivyohivyo: milango ya dharura, taa za kutokea, vinyunyizio. Fedha nyingi zinaishia kwenye kitu ambacho mgeni akikiona anasema tu, "ah, mlango."

Baada ya hayo yote ndiyo unafika kwa mamba.

Sanamu za mashine za kizazi cha America Sings zilisukumwa na hewa au mafuta yaliyogandamizwa, kupitia mabomba membamba yaliyojaa chini ya sakafu. Za leo zinatumia mota za umeme. Zinajongea kwa ulaini wa kutisha, lakini huwezi kumchomoa sungura ukamchomeka mamba palepale kama balbu. Mabomba yanang'olewa, nyaya zinalazwa, vyumba vya kompyuta vinatafutiwa nafasi na ubaridi. Kila sanamu ina mifupa yake, ngozi yake ya silikoni iliyomiminwa kwenye kalibu yake, nguo zilizoshonwa na fundi cherehani ambaye lazima ajue kiwiko kitapinda wapi mara maelfu kwa siku. Kisha anakuja mtu wa kumfundisha kutembea: anakaa gizani na kompyuta, akisogeza kope na vidole kipande kwa kipande, mpaka mdomo uafikiane na wimbo. Tiana's Bayou Adventure, jina jipya la mlima (Tiana ndiye yule msichana mweusi), ina sanamu mpya kwa makumi. Hebu zidisha mwenyewe.

Wakati fulani watu wanalinganisha na Maelstrom, maneji ya mashua iliyokuwa Epcot, bustani nyingine ya Disney huko Florida, upande wa Norway. Ilifunguliwa 1988, ikafungwa Oktoba 2014, na Juni 2016 ikarudi ikiwa na hadithi ya Elsa na Anna wa filamu ya Frozen, kwenye mfereji uleule. Safari yenyewe haifiki hata dakika sita. Kazi ilichukua miezi ishirini. Mtu akisikia hivyo anadhani kuna mtu aliyelala kazini. Lakini mfereji ulikuwa na mwendo wake wa ajabu, pamoja na mahali ambapo mashua inageuka na kurudi kinyumenyume, na hadithi ya barafu ilibidi itafute sababu ya kurudi nyuma ambayo haikuwamo katika filamu. Wakaipata. Siyo kila mara inapatikana.

Kuna njia za bei nafuu, na ni haki kuzitaja. Ya kwanza ni ile tunayoiona kila wiki Kamalondo: kampuni ya bia inakuja, inapaka kuta za nganda, yaani baa, rangi zake, inaleta viti na miavuli, na kesho yake nganda ni mpya huku choo ni kilekile. Disneyland inafanya kitu cha jamii hiyo katika Haunted Mansion. Tangu 2001, karibu kila msimu wa vuli, nyumba ile ya mizimu inavishwa mapambo ya Krismasi ya kutisha, na baada ya sikukuu inavuliwa. Mwendo haubadiliki na njia haibadiliki. Inafungwa kwa majuma machache tu.

Ya pili ni kubadilisha filamu. Maneji ya Back to the Future ya Universal, Orlando, ilikuwa magari yanayotikisika mbele ya kioo kikubwa cha duara. Ilidumu 1991 hadi 2007, na mwaka 2008 ikafunguliwa kama The Simpsons Ride. Ukiwa na mashine ya kutikisa na kioo, hadithi ni filamu, na filamu inabadilishwa. Lakini hapo kuna gharama ya aina nyingine, ya karatasi. Wale Simpsons, familia ya katuni za televisheni, hawakuwa mali ya Universal, walikuwa wa Fox. Na mwaka 2019 Fox ikanunuliwa na Disney. Kwa hiyo leo Universal inaendesha maneji yenye wahusika wa mshindani wake mkubwa. Kukodi hadithi ni kama kupanga duka: ukutani unapaka unachotaka, lakini mwenye nyumba anaweza kubadilika usingizini.

Disney yenyewe ilijua uchungu wa kupanga. Mnara wa kuangusha watu wa California Adventure, bustani yake nyingine, uliofunguliwa 2004, ulitumia hadithi iliyokuwa mali ya CBS, kampuni ya televisheni. Mwanzoni mwa Januari 2017 ukafungwa, na tarehe 27 Mei mwaka huohuo ukafunguliwa ukiwa na Guardians of the Galaxy, wahusika wa Marvel, kampuni ambayo Disney iliinunua 2009. Haikufika hata miezi mitano! Mpwa wangu alinishika hapo. Kama mnara mzima ulibadilika kwa miezi mitano, kwa nini mlima uchukue kumi na saba?

Kwa sababu mnara ni lifti. Hadithi ya lifti inaonekana pale tu milango inapofunguka, mahali pachache, na mahali hapo waliweka vioo vikubwa vya filamu. Abiria wanainuliwa na kuangushwa kwa mpangilio mpya, na mpangilio ni programu. Hakuna mita mia kadhaa za mapango za kupamba, hakuna maji yanayokula chuma, hakuna makumi ya sanamu za kufundishwa kuimba. Hiace ile ya fundi ingekuwa na volani katikati, naye angeigeuza kwa siku moja.

Tuje kwenye fedha yenyewe. Disney haina desturi ya kutangaza bei ya maneji mojamoja. Lakini Tokyo Disneyland ni ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land Company, inayoilipa Disney kwa kutumia majina na hadithi zake, na yenyewe huwatangazia wanahisa wake miradi mikubwa kwa tarakimu. Maneji ya kupiga shabaha ya Buzz Lightyear, iliyokuwapo pale tangu 2004, ilifungwa mwisho wa Oktoba 2024 ili papo hapo ije hadithi ya filamu ya Wreck-It Ralph. Bei iliyotangazwa: takriban yeni bilioni 29.5, ambazo kwa thamani ya yeni wakati huo zilikaribia dola milioni 190.

Ndiyo, milioni 190. Ileile tuliyoishika huko juu, ya kujenga mlima mzima mwaka 1989 kwa bei za leo.

Kampuni hiyohiyo ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaibomoa maneji yake nyingine, Space Mountain, na kuijenga upya kabisa, pamoja na uwanja unaoizunguka, kwa takriban yeni bilioni 56. Maneji hizi mbili hazifanani, kwa hiyo mlinganisho huu usibebeshwe mzigo mzito. Lakini unatupa kipimo cha macho. Anayevisha hadithi mpya mahali pa zamani anaweza kulipa nusu ya bei ya anayevunja na kujenga. Nusu! Watu wanaodhani ni robo ya robo, kwa sababu "mlima upo tayari," ndio wanaolia bajeti ikitoka.

Na bado hatujahesabu hasara ya kufunga. Kutoka tarehe 23 Januari 2023 hadi 28 Juni 2024 ni zaidi ya siku 500. Tuseme maneji ya namna hii inapitisha watu 1,500 kwa saa, kwa saa kumi kwa siku. Ni watu 15,000 kila siku, na kwa muda wote huo ni safari zaidi ya milioni saba ambazo hazikufanyika. Hakuna anayelipa kwa safari moja. Tiketi ya getini inalipia yote. Lakini wale 15,000 hawakubaki nyumbani. Walikwenda kusimama kwenye foleni nyingine, wakazirefusha, wakachoka mapema, wakanunua kidogo. Wenye bustani wanaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana hawafungi vitu viwili vikubwa upande mmoja kwa pamoja wakiweza kuepuka. Mlima wa California nao haukufungwa siku moja na wa Florida. Ulisubiri hadi mwisho wa Mei 2023, ukafunguliwa Novemba 15, 2024.

Swali la mwisho la mpwa wangu halikuwa la fedha. Aliuliza kwa nini kwenye video ya pili haogopi.

Nadhani hapo aliugusa mlango wa Hiace. Poromoko la mita 16 ni mfupa usiohamishika, na mfupa huo unadai sababu. Katika hadithi ya Kalulu wa Marekani sababu ilikuwa wazi: mbweha amemshika, anataka kumla, sungura anamsihi asimtupe kwenye miiba, mbweha anamtupa kwenye miiba, na miiba ndiyo nyumbani kwake. Ukiporomoka, umetupwa. Moyo unaelewa kabla ya akili. Katika hadithi ya Tiana, abiria wanatafuta wanamuziki kwa ajili ya sherehe. Mama Odie, bibi mchawi mwema, anawafanya wadogo kama vyura, na poromoko ndilo linalowarudisha kwenye ukubwa wao. Hakuna anayewafukuza, na mashabiki wengi wamelilalamikia hilo. Mimi nyimbo nazipenda, na mamba ni kazi ya mkono kweli. Lakini ukiniuliza, hadithi ya sherehe ilifungwa kwenye mteremko uliojengwa kwa ajili ya kutupwa, na hakuna kiasi cha silikoni kinachoficha hilo. Afadhali hivyo kuliko filamu ya 1946, hilo sina ubishi nalo. Ila ni mlango uliobaki upande wa barabara.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ule mlima wa Tokyo nao umebadilishwa. Nikamwambia hapana, tangazo la 2020 lilihusu California na Florida, na Tokyo wenye mali ni wengine. Kule sungura bado anatupwa kwenye miiba, anaimba kwa Kijapani. Akanyakua simu kuitafuta hiyo video. Umeme ulikuwa umekwenda, lakini chaji ilibaki asilimia kumi na moja.